Mstari wa Chini

Saa ya mji ule haikwenda mpaka itazamwe. Panas aligundua jambo hilo akiwa kwenye foleni ya Idara ya Kukaribiana, sanduku mgongoni, mkanda ukimkata bega. Mtu akiinua macho kuutazama mnara, mshale mrefu unaruka. Watu wakitazama viatu vyao, mshale unatulia, na jua nalo linatulia juu ya paa la bati kama kiini cha yai kwenye kikaango. Lakini ni nani anayeweza kusimama foleni bila kutazama saa? Basi kila mmoja alikuwa anamwibia mwenzake dakika, halafu anaguna kwamba siku za hapa ni fupi mno. Idara ilifunga saa kumi kamili. Panas alipoanza kupanga mstari ilikuwa saa nane na nusu, na sasa, bila foleni kusogea hatua kumi, ilikuwa saa tisa na ushee.

Umri wake hakuujua sawasawa. Sabini na kitu, ukihesabu meno. Ila alikuwa na kumbukumbu zisizoenea katika maisha ya mtu mmoja. Alikumbuka wakati ambapo nyimbo za kwao ziliruhusiwa tu zikiwa na maneno ya lugha ya mbali, na waimbaji wakasimama jukwaani kuusifu mto wao wenyewe kwa maneno ya wageni, huku ukumbi mzima ukichezesha midomo kimyakimya kwa maneno ya kweli. Hayo yalikuwa mambo ya zama za babu wa babu yake. Lakini joto la ukumbi ule alilikumbuka, na harufu ya mishumaa, na mama mmoja aliyekuwa akimkanyaga mguu. Akakumbuka tena wakati lugha ya kwao yenyewe ilipofanywa lazima, walimu wakapita nyumba hadi nyumba na ubao mgongoni, hata wazee wenye ndevu wakafundishwa kuandika ile herufi yenye nukta mbili kichwani, kama macho ya chura yakichungulia majini. Mwalimu wake mwenyewe alimfundisha miezi minne. Mwezi wa tano lazima ikageuka marufuku, na mwalimu akaitwa mahali, akaacha ubao. Masomo ya Panas ndiyo hayo: miezi minne ya mwalimu, majira mawili ya baridi kwa shemasi mlevi, na mwaka mmoja kwa mpanga herufi wa kiwanda cha chapa, aliyemfundisha kusoma kinyumenyume kwa ncha za vidole.

Lugha hiyo wenyewe waliiita Kiukreni. Katika karatasi za Idara iliitwa usemi wa pembeni. Kazi ya Idara ilikuwa kuzifanya lugha mbili zikaribiane, ile ya pembeni na ile ya katikati. Jambo zuri ukilisikia. Ila Panas alikuwa ametembea sana, na alijua kwamba watu wakikaribiana kwa haki, wote wawili hutembea. Hapa mmoja alikuwa amekaa kitini, na mwingine ndiye aliyetakiwa kuja, akivua kitu kimoja kila hatua: kofia, koti, viatu, na mwishowe uso.

Alikuwa amesimama karibu na ukuta wa matangazo. Kwa kuwa hakutaka kutazama saa, akaanza kuubandua kwa ukucha, kama mtu anavyochokonoa kidonda. Juu kabisa palikuwa na MARUFUKU. Chini yake, karatasi ya manjano: LAZIMA. Chini yake tena, kwa herufi za zamani zaidi: MARUFUKU. Akaendelea. LAZIMA, kwa muda mfupi, karatasi nyembamba. MARUFUKU, nene, iliyobandikwa kwa gundi nyingi. Ukucha ukafika mahali ambapo hapakuwa na karatasi wala ukuta, ila kama ngozi, yenye uvuguvugu. Akaondoa mkono haraka, akaupangusa kwenye suruali.

Tuseme alichokibeba, maana ndicho kilichomleta. Ndani ya sanduku mlikuwa na kadi mia tatu na kumi na mbili, kila moja upana wa kiganja. Panas alikuwa mkusanyaji wa maneno. Kwa miaka arobaini alikwenda kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, akila alichopewa, akisikiliza. Neno lililokuwa halimo katika kitabu chochote akaliandika juu ya kadi. Katikati akaandika maana yake, na sentensi nzima kama ilivyotoka kinywani. Na chini, mstari wa mwisho, akaandika nani amesema, kijiji gani, msimu gani. Huo ndio utaratibu wa wakusanyaji wote, na waliuapia. Usipoandika nani amesema, mwalimu wake alimwambia, nitajuaje kwamba hukulitunga mwenyewe? Ukweli wa neno uko mstari wa chini. Wakusanyaji walikuwa watu maskini na wachafu wa viatu, lakini mstari wa chini hawakuukosea hata siku moja. Waliandika hadi jina la baba.

Na ndilo lilikuwa kosa lao, ingawa Panas hakulijua bado. Yeye alikuwa amejaa furaha yenye woga, ile furaha ya mtu aliyesubiri mno. Miezi mitatu nyuma aliiandikia Idara barua ya kujisifu: kwamba anazo kadi mia tatu na kumi na mbili, hakuna hata moja isiyo na msemaji wake, kwamba vijiji alivyopita ni hivi na hivi, na kama Idara inataka kamusi, yeye yupo. Idara ikajibu kwa mistari miwili. Alete sanduku lote, kwa uhakiki, kabla ya saa kumi ya siku hii. Asipolileta, Idara itaifuata njia ya Panas kijiji kwa kijiji na kuhakiki yenyewe.

Aliisoma barua ile kama mtu anayesoma mwaliko wa harusi. Mstari wa pili aliuona ni wema.

Mlango wa pembeni ukafunguka, akatoka mwanamke na sanduku tupu kwapani. Alikuwa Uliana, mkusanyaji mwenzake wa upande wa mabwawa, mwanamke mrefu ambaye zamani alikuwa akiongea tangu anaamka mpaka analala, na mbegu za alizeti hazikumtoka mdomoni. Leo mfuko wa mbegu ulikuwa umejaa, haujaguswa. Panas akamwita. Akamuuliza kama kadi zake zimepokelewa, na kama kamusi itaanza na herufi gani.

Uliana akamsogeza ukutani, akaupa mnara kisogo.

"Usiitazame ile saa," alisema. "Inaendeshwa na macho. Sikiliza, kaka. Niliwapa sanduku langu mwezi uliopita. Leo wameniita niwasaidie kupanga."

"Kupanga kwa alfabeti?"

"Ndivyo nilivyojua. Nikaanza kupanga kwa herufi, nikaambiwa mama, acha." Akatazama mkono wake kama si wake. "Wanapanga kwa mstari wa chini, Panas. Kijiji, jina, jina la baba. Neno lenyewe hawalisomi."

Alimsimulia mengine kwa sauti ya chini, na kila alipokoma alisikiliza kwanza. Vijiji vyake vyote viliitwa, kadi kwa kadi. Watu hawakuumizwa, hapana, walirudishwa wote, wamenyolewa vizuri, wamepewa na soksi. Ila ukimwuliza mmoja wao jambo, hata jina la ng'ombe wake, anakutazama kwa upole na kukaa kimya muda mrefu, kama mtu aliyemtuma mwingine akamletee neno kutoka chumba cha mbali. Kisha neno linafika, na ni la katikati, safi, halina hata vumbi. Mama mmoja aliyempa Uliana maneno arobaini ya mkate, sasa akiutazama mkate anangoja. Mkate unapoa mikononi mwake, naye anangoja.

"Niliandika mpaka baba zao," Uliana alisema. "Kwa mwandiko mzuri."

Panas aliuhisi mkanda wa sanduku kama mkono wa mtu begani. Akamwuliza ikiwa ni heri alichome moto lote. Uliana akatikisa kichwa. Wakijua limechomwa watafuata njia yake, na njia yake ameiandika mwenyewe katika barua. Kisha akamshika mkono, akaondoka bila kuaga, akitembea polepole katikati ya barabara kama mtu aliyebeba maji kwenye sahani.

Panas alitoka kwenye foleni. Mtu wa nyuma yake akaziba nafasi bila kuuliza, akainua macho kutazama saa. Saa tisa na dakika ishirini.

Nyuma ya kinu cha maji, nje kidogo ya mji, palikuwa na nyumba ya Motria. Motria alikuwa mjane mfupi, mpana, aliyekuwa na neno lake kwa kila kitu, na kati ya kadi mia tatu na kumi na mbili, sitini na moja zilikuwa na jina lake. Kutoka kwake mnara hauonekani, kinu kinaukinga. Jua lilisimama juu ya ua, kuku wamesimama, na moshi wa tanuri ulikuwa umetulia angani kama nguzo. Panas akavuka kizingiti kwa mguu wa kulia, akaweka sanduku mezani, akasema yote kwa pumzi moja.

Motria alikuwa akikanda unga. Hakuacha. Aliuliza maswali mawili tu: kama na Horpyna wa Verbova yumo sandukuni, na kama marehemu nao wanaitwa. Panas akajibu kwamba Horpyna yumo, alikufa baridi ile kubwa, na watu wa nyumba yake bado wapo, wataitwa wao. Wasemaji sabini hivi wa kadi zile walikuwa wamekwisha kufa, na maneno yao hayakubaki kwa mtu mwingine yeyote, yamebaki kwenye karatasi tu. Ukichoma, umewaua mara ya pili. Ukipeleka, umewaua walio hai. Na ukiikata mistari ya chini, kadi itakuwa kiwete, Idara wataona imekatwa, watauliza nani.

"Basi waambie ni nani," Motria alisema.

"Nani?"

"Wewe mzee, umetembea miaka arobaini ukiokota vya watu. Hapana neno moja ulilosema wewe?"

Ndipo wazo lilipoingia, na halikuingia kwa heshima. Liliingia kama mbuzi jikoni. Kila kadi, mstari wa chini: amesema Panas, msafiri, hana kijiji. Kadi mia tatu na kumi na mbili, msemaji mmoja. Idara ikitaka kuipita njia yake, njia itaishia kwake.

Akaketi. Hakuwahi kuandika uongo chini ya neno.

Motria akafuta mikono kwa aproni, akafungua sanduku, akatoa kadi ya juu, akaisogeza mbali na macho yake kuisoma. Akacheka kwa pua. Hilo lilikuwa neno ambalo wanawake wa bondeni huwaambia waume zao wakati mtoto wa pili anapogoma kutoka tumboni.

"Na hili nalo umesema wewe?" aliuliza. "Ulipokuwa unajifungua? Kwa mume gani, mpendwa, tumjue?"

"Nitasema nilimsikia mtu."

"Utasema umelisema. Ndiyo kazi uliyoitaka."

Halafu akaichukua ya pili, na kicheko kikamwisha. Ilikuwa yake. Aliisoma mpaka chini, akapitisha kidole juu ya jina lake, Motria binti Denys, kama anayepapasa uso. Akasema, bila kumtazama, kwamba Panas alimwahidi. Alimwambia siku ile alipokula plamu zake, pale mlangoni, kwamba jina lake litakuwa kitabuni, na watoto wa shule watasoma kwamba neno hili amesema Motria. Yeye hakuzaa. Shamba limechukuliwa. Kitu alichokuwa nacho cha kuachia watu ni maneno sitini na moja, na sasa atayavua kama anavyovua pete mtu aliyevimba kidole.

"Kwa hiyo sitakuwemo," alisema.

Panas aliwaza, na wazo lenyewe lilimchoma: wao wanataka kumnyang'anya mwanamke huyu neno lake wamwachie jina. Mimi nataka kumnyang'anya jina nimwachie neno. Nani mwizi mwema? Yule anayeandika na yule anayekamata, wote wawili wanauliza swali lilelile, nani amesema. Tofauti ni uso wa anayeuliza. Na mimi uso wangu nimeutazama lini mara ya mwisho?

Motria alikwenda pembeni ya dirisha, akarudi na mkasi wa kunyolea kondoo. Akaketi mkabala naye.

"Soma, niko tayari," alisema. "Usinisomee la kwangu kwa sauti ya huruma."

Wakafanya kazi. Yeye anakata mstari wa chini, Panas anabandika kipande kipya kwa gundi ya unga, anaandika kwa wino wa matunda meusi ya porini ambao Motria alikuwa akipakia mayai ya sikukuu. Maneno yenyewe hayatatajwa hapa. Hadithi hii nayo ina mstari wa chini, na si vizuri kuujaza. Itoshe kwamba kulikuwa na neno la joto linalobaki kwenye tanuri asubuhi, lisilotosha kuokea mkate ila linatosha kumlaza paka. Kulikuwa na neno la theluji iliyoanza kudanganya. La mtu anayetabasamu kwa sababu hakusikia ulichosema. La udongo mweusi ukiwa umeshiba. Na kila Panas alipoandika jina lake chini ya neno, kitu kilimhama na kingine kikamwingia, taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye utambi.

Amesema Panas. Nina miaka mitano, nimejificha kwenye pipa la kabichi, kaka yangu ananitafuta.

Amesema Panas. Nimezaa saba, wamebaki wawili, na mgongo huu umeinama tangu mavuno yale.

Amesema Panas. Mimi ni mkunga. Mimi ni mchungaji wa bukini, nawaita hivi, kwa ulimi juu ya kaakaa, nao wanakuja. Mimi nimekufa. Baridi ile. Nilikuwa naomba maji kwa neno ambalo mjukuu wangu pekee alilielewa.

Amesema Panas, hana kijiji. Kwa nini hana kijiji? Anavyo vyote. Vimemjaa hadi kooni. Ni mtu mmoja sasa au ni barabara? Ukilikusanya taifa lote ukaliweka katika kinywa kimoja, je, hicho ni kinywa au ni kaburi lenye meno? Nani anaongea nikiongea? Na zamani, kabla ya kalamu hii, nani alikuwa anaongea? Nikikohoa, nani anakohoa?

"Wino unadondoka," Motria alisema.

Kadi ya Horpyna wa Verbova ilikuwa karibu na mwisho. Panas alimkumbuka sana bibi yule: alimpa maziwa, na muda wote alikuwa akimkemea mjukuu wake aliyependa kukaa kizingitini, si ndani wala nje. Watu wa kule wanaamini wazee waliokufa wanakaa chini ya kizingiti, na ndiyo maana hapaketiwi. Neno lake lilikuwa la mtu wa namna hiyo, anayekaa mahali pa kupita. Na sentensi aliyoiandika ilikuwa: Toka hapo wewe, wazee wanataka kupita. Panas aliandika jina lake chini ya sentensi hiyo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alijiona anamkemea mtoto.

Vipande vilivyokatwa Motria alivikusanya kwenye aproni, akavitia tanurini chini ya mikate. Vikawaka kwa mwali mdogo wa kijani. Kipande kimoja chenye jina lake alikibakiza. Aliinua ubao uliolegea wa kizingiti, akakiweka chini, akaubonyeza ubao kwa kisigino.

"Hapo niko na wenzangu," alisema.

Mkate ulipotoka alimkatia ncha, ya moto bado, akamtilia mfukoni. Hawakukumbatiana. Panas akainua sanduku, na lilikuwa zito kuliko asubuhi, ingawa idadi ya kadi ilikuwa ileile.

Kwenye kona ya kinu alifumba macho ili asiuone mnara, akatembea kwa kufuata sauti ya foleni. Alipofika mlangoni akayafumbua. Saa kumi kasoro dakika sita. Dirisha la uhakiki lilikuwa halina mtu mbele yake, kana kwamba wote waliotangulia walikuwa wamepangwa pale kwa ajili ya kumchelewesha tu.

Karani aliitwa Ustym. Jina lilikuwa kwenye kibao. Mtu wa miaka thelathini na mitano hivi, kucha safi, kola safi, sauti safi ya lugha ya katikati. Nyuma yake, kwenye meza nyingine, mkuu wake alikuwa amejiinamia akinoa penseli, ile sauti ya kisu na mti ikiendelea bila kukoma. Ustym alihesabu kadi. Mia tatu na kumi na mbili. Akafungua ya kwanza, jicho likashuka moja kwa moja mpaka chini. Akafungua ya pili, ya kumi, ya mia. Midomo yake ikabana.

"Hizi zote ni msemaji mmoja."

"Ndiyo, bwana."

"Babu, barua yako ilisema kila kadi ina msemaji wake."

"Kila moja inaye," Panas alisema. "Ni mimi."

Kisu cha mkuu kikasita, kikaendelea. Ustym akaeleza, kwa adabu ya mtu anayesoma, kwamba katika hali kama hii utaratibu unataka jaribio. Atachomoa kadi, atataja maana, na msemaji atasema neno na sentensi yake bila kusoma. Akikosa moja, kadi zote ni za wengine, na wengine watatafutwa. Akachomoa. Panas akasema. Akachomoa ya bukini, na Panas akaweka ulimi juu ya kaakaa akawaita, mbele ya dirisha la serikali, na mahali fulani nje, mbali, kitu chenye mabawa kikajibu. Akachomoa ya mwanamke anayejifungua. Panas akasema mpaka mwisho, jasho likimtoka, na tumbo likamkaza kweli.

Saa kumi kasoro dakika moja. Ustym akachomoa ya mwisho. Akataja maana: mtu anayekaa mahali pa kupita. Kisha akaiona sentensi, na akafanya jambo ambalo makarani hawafanyi. Aliisoma tena juu mpaka chini.

Panas akalisema neno. Akasema sentensi, kwa ukali uleule wa Horpyna, maana Horpyna alikuwa ndani yake na hakuweza kumzuia.

"Toka hapo wewe, wazee wanataka kupita."

"Nao hawapendi kumruka mtoto," Ustym alisema.

Alisema kwa usemi wa pembeni. Chini kabisa, bila sauti safi, kwa sauti ya mtu aliyeshiba maziwa. Na maneno hayo hayakuwamo kwenye kadi. Hayakuwamo popote, kwa sababu siku ile Panas alikuwa ameshaondoa kalamu karatasini bibi yule akiwa bado anamalizia.

Kisu kikanyamaza. Uso wa Ustym ulikuwa mweupe kuliko kola yake. Alijua alichokitoa, na alijua mbele ya nani: mzee aliyetembea miaka arobaini akisubiri hasa kitu kama hicho, neno jipya, lenye mwenyewe, lenye kijiji. Ingetosha Panas aulize, kama alivyouliza maelfu ya watu kwa upole, nani amesema. Mkuu alikuwa amegeuza kiti.

"Kuna nini hapo?" mkuu aliuliza.

Panas akamtazama karani. Akamwona kizingitini, magoti yamefunga kidevu, si ndani wala nje.

"Nilikohoa, bwana mkubwa," alisema. "Uzee." Na kwa Ustym, taratibu, "Mwanangu, sikio langu hili halikusikia kitu."

Kengele ikalia. Ustym akazifunga kadi zote pamoja kwa uzi mweusi, fundo mara tatu, akagonga mhuri: MSEMAJI MMOJA. Jalada la mtu mmoja halifunguliwi likagawanywa, ndiyo kanuni ya Idara. Linakaa zima, kabatini, mahali pakavu, kwa muda wote ambao Idara itakuwepo na baadaye. Karani alilisukuma ndani ya droo taratibu, kama anavyofunikwa mtu aliyelala. Kisha akanyoosha kidole kuonyesha mlango mweupe wa mwisho wa ukumbi, ule wanaoupita wasemaji walioitwa.

Panas akaenda. Mfukoni mkate wa Motria ulikuwa bado una moto. Hatua ya tatu, nyuma ya mgongo wake, akasikia karani akilirudia neno la bibi yake peke yake, kwa midomo tu, kama mtu anayejaribu kiatu cha utotoni. Alilitamka vizuri. Alilivuta kidogo mahali ambapo Horpyna hakulivuta, namna mpya kabisa, ambayo haikuwa katika kadi yoyote duniani.

Mkono wa kulia wa Panas ukaingia mfukoni kutafuta penseli, kwa mazoea ya miaka arobaini. Akaukamata kwa mkono wa kushoto, akaushika hivyo, mpaka alipovuka mlango.